Dag Hammarskjöld, mkubwa wa ONU aliyeanguka na ndege akitafuta amani ya Kongo

Wakaaji wa Beni wanajua mlio wa helikopta nyeupe zenye maandishi UN kuliko mlio wa gari la jirani. Tarehe 5 Februari 2023, moja ya hizo helikopta iliruka kutoka Beni ikielekea Goma, ikapigwa risasi ikiwa angani. Askari mmoja wa Afrika Kusini akafa, mwenzake akaumia, lakini helikopta ikafika Goma. Mwaka uliotangulia, tarehe 29 Machi 2022, helikopta ingine ya MONUSCO ilianguka upande wa Tshanzu, katika territwari ya Rutshuru, na watu wote 8 waliokuwa ndani wakapoteza maisha. Tena katika mwaka wa 2024, ONU ikaanza kulalamika mbele ya Baraza la Usalama kwamba kuna wanaovuruga GPS katika anga ya Kivu ya Kaskazini, na hivi piloti anaweza kuonyeshwa na mashine yake kwamba yuko mahali ambapo hayuko.

Watu wengi wanafikiri hayo ni mambo mapya. Lakini mtu wa kwanza mwenye jina kubwa ambaye ndege ya ONU ilimuua juu ya Kongo alikufa katika mwaka wa 1961, na hata leo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama ndege yake iliangushwa au ilianguka yenyewe. Ni Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, kule Sweden, akiwa mtoto wa 4 na wa mwisho, wote wanaume. Baba yake, Hjalmar, alikuwa waziri mkuu wa Sweden toka 1914 hadi 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Chakula kilikosekana sana, raia wakachoka, na wakageuza jina la ile familia ili lisikike kama neno njaa. Kwa hiyo kijana Dag alijua mapema namna gani mtu wa serikali anaweza kuchukiwa na raia hata kama anafikiri anafanya vizuri. Familia iliishi katika mji wa Uppsala, ndani ya ngome ya zamani, kwa sababu baba alikuwa pia gavana wa lile jimbo.

Dag alisoma lugha, sheria na mambo ya uchumi. Hakuwa mwanasiasa wa kupanda jukwaani. Alikuwa mtu wa ofisi, wa makaratasi, wa kufanya kazi mpaka usiku. Alifanya kazi katika wizara ya fedha, akaongoza baraza la benki kuu ya Sweden kuanzia 1941 mpaka 1948. Hakuoa. Alipenda kupanda milima ya kaskazini mwa nchi yake, kupiga picha, na kusoma mashairi. Alipopita Somalia katika safari yake kubwa ya Afrika mwanzoni mwa 1960, walimpa zawadi ya tumbili, naye akaenda kumfuga katika nyumba yake New York. Wafanyakazi wa ONU walizungumzia yule tumbili miaka na miaka.

Katika mwezi wa nne wa 1953 mataifa makubwa yalikuwa yanatafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Trygve Lie, Mnorwe, aliyechoka na ugomvi wa Marekani na Urusi. Walitaka mtu mnyamavu, asiyesumbua. Wakamchagua yule Mswidi. Hapo walikosea hesabu.

Kazi yake ya kwanza iliyomjulisha duniani ilihusu watu wa ndege. Wakati wa vita ya Korea, China ilikamata Wamarekani 11 wa ndege kubwa ya kijeshi iliyoangushwa, na ikawafunga kama majasusi. Mwezi wa kwanza wa 1955 Hammarskjöld alipanda ndege mpaka Peking, akaketi na Zhou Enlai siku kadhaa, pasipo makelele ya magazeti. Mwanzoni mwa Agosti wakaachiliwa, siku chache tu kisha yeye kutimiza miaka 50. Mwaka uliofuata ikaja vita ya mfereji wa Suez. Hapo ndipo alipounda, pamoja na Lester Pearson wa Kanada, jeshi la kwanza la ONU la kulinda amani. Askari walihitaji alama ya kuwatenganisha na Waingereza ambao nguo zao zilifanana. Bere za buluu zilichelewa kupatikana, basi wakachukua kofia za Wamarekani, wakazipaka rangi ya buluu. Ni hizo kofia ambazo watoto wa Beni wanaziona leo.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kwa muda wa juma moja askari wa Force Publique wakaasi, Ubelgiji ukatuma majeshi yake, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kasavubu na Lumumba wakaandika telegramu kuomba ONU. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likapiga kura, na siku iliyofuata Watunisia wa kwanza wakafika Léopoldville. Lile jeshi liliitwa ONUC, na lilifikia karibu askari 20,000.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanza, na msomaji wa Butembo au wa Beni ataufahamu pasipo kuelezwa sana. Lumumba alifikiri ONU imekuja kumsaidia kumaliza uasi wa Katanga. Hammarskjöld alisema, kwa maana, kwamba askari wake hawawezi kuwa chombo cha upande mmoja katika ugomvi wa ndani ya nchi, na kwamba silaha zao ni za kujilinda. Raia wakaona askari wengi, magari mengi, na adui bado yuko palepale. Ni hasira ya namna hiyohiyo iliyotoa watu barabarani Butembo na Beni katika mwezi wa saba wa 2022, ambapo raia walikufa na watu wa ONU wakafa. Tofauti ziko nyingi kati ya ONUC na MONUSCO, lakini swali la raia halijabadilika: mmekuja kufanya nini?

Kosa moja hasa wazee wa Kongo hawakumsamehe. Tarehe 5 Septemba 1960 Kasavubu alitangaza kwenye redio kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akakimbilia redio ileile kujibu. Mwakilishi wa ONU pale Léopoldville kwa zile siku, Andrew Cordier, Mmarekani, akafunga viwanja vya ndege, na kesho yake akafunga kituo cha redio. Ukiangalia juu juu ni uamuzi wa katikati: kila mtu anyamaze. Kumbe Kasavubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, na Radio Brazzaville ikaendelea kupeleka sauti yake. Lumumba hakuwa na redio ingine, na kwa sababu viwanja vilifungwa, wafuasi wake hawakuweza kumfikia kwa ndege. Nani anayesema eti redio si silaha? Zile siku chache za ukimya zilimwangusha Lumumba kuliko bunduki. Hammarskjöld alikuwa New York, lakini hakukana kazi ya mtu wake. Juma moja mbele, Mobutu akachukua mamlaka, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga.

Urusi ikamshambulia Hammarskjöld vikali, Khrushchev akadai ajiuzulu. Yeye akakataa mbele ya mkutano mkubwa, akisema kwa maneno yake mwenyewe kwamba nchi ndogo ndizo zinazohitaji ONU, si zile kubwa, na akapigiwa makofi mengi. Lakini kifo cha Lumumba kilibadilisha mambo. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama likaruhusu ONUC kutumia nguvu kama njia ya mwisho ili kuzuia vita ya raia. Mwezi wa nane, askari wa ONU wakaanza kukamata mamersenari wa kizungu katika Katanga. Tarehe 13 Septemba wakaanzisha operesheni ya pili, Morthor, na hii ikaharibika.

Iliharibika kwa sehemu kubwa juu ya ndege moja tu. Katanga ilinunua Fouga Magister 3. Fouga ni ndege ndogo ya Kifaransa, yenye viti 2, injini 2 ndogo, na mkia wenye umbo la V. Ilitengenezwa kwa kufundishia mapiloti wa jeti, si kwa vita kubwa. Lakini inaweza kubeba bunduki na mabomu madogo. Ya kwanza ilianguka kwa ajali, ya pili ONU iliikamata Elisabethville, ikabaki moja, ambayo ilikuwa inaruka kutoka Kolwezi. Na ONU, pamoja na maelfu ya askari, haikuwa na ndege hata moja ya kupigana. Ile Fouga moja ikatawala anga yote. Ilipiga Waayalandi 150 na zaidi waliozungukwa kule Jadotville, leo Likasi, mpaka wakajisalimisha tarehe 17 Septemba. Ilivunja ndege za mizigo za ONU zikiwa zimesimama chini. Ethiopia ilikuwa tayari kutoa jeti zake, lakini zilipaswa kupita juu ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa mikononi mwa Uingereza, na Uingereza ukachelewesha ruhusa.

Hammarskjöld alifika Léopoldville siku ileile vita ilipoanza. Baada ya siku 4 akaamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe, mahali pasipo pa Katanga wala pa ONU: mji wa Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Ndege yake ilikuwa DC-6 yenye injini 4, ya kampuni ya Kiswidi Transair. Waliiita Albertina. Asubuhi ya tarehe 17 ilitoka Elisabethville ikapigwa risasi wakati wa kuruka, na risasi moja ikagusa sehemu ya injini. Mafundi wakaitengeneza Léopoldville. Kisha ikakaa uwanjani kwa muda pasipo ulinzi wa karibu, jambo ambalo wapelelezi walilirudilia sana.

Kwa kuogopa Fouga, kapteni Per Hallonquist alipanga safari kwa ujanja. Ndege ingine, iliyombeba Lord Lansdowne wa Uingereza, ilitangulia kwa njia ya mkato, ili anayevizia aifuate hiyo. Ikafika Ndola salama. Albertina iliandika kwenye karatasi kwamba inaenda Luluabourg, kumbe ilienda mashariki mpaka Ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini kukwepa Katanga. Waliruka saa kumi na mbili kasoro ya jioni kwa saa ya Beni, wakazima maongezi ya redio. Kwa masaa 4 na zaidi hakuna mtu chini aliyejua wako wapi.

Hiyo ndiyo vita ya mawimbi ya zamani. Ukifungua redio, mwenzako anakusikia na anaweza kujua uko upande gani. Ukinyamaza, unajificha, lakini hata rafiki zako hawawezi kukufuata. Ndani ya Albertina kulikuwa pia mashine ya kuandika siri aina ya CX-52, ya kampuni ya Uswisi iliyoitwa Crypto. ONU iliamini kwamba barua zilizopita katika hizo mashine hakuna mgeni anayeweza kuzisoma. Mwaka wa 2020 magazeti yakafunua kwamba tangu 1970 ile kampuni ilikuwa mali ya siri ya CIA na ya ujasusi wa Ujerumani, na kwamba urafiki wake na Wamarekani ulianza mbele ya hapo. Basi inawezekana kabisa kwamba yule mtu aliyekuwa anajificha alikuwa anasomwa na wakubwa wa dunia kila alipoandika.

Saa nne na dakika 2 za usiku Albertina ilivunja ukimya, ikaita Salisbury. Saa sita na dakika 10, Hallonquist akaambia mnara wa Ndola kwamba anaona taa za uwanja na anashuka. Mnara ukampa kipimo cha hewa cha kurekebisha altimetri, kile chombo kinachoonyesha ndege iko juu kiasi gani. Kisha kimya. Dakika chache baadaye ndege ikakata miti na kuungua, kama kilometa 15 magharibi ya uwanja. Magurudumu yalikuwa yameshushwa, sawa vile ndege inayojitayarisha kutua.

Yaliyofuata ndiyo yaliyofanya watu wasiamini. Wakubwa wa Kiingereza waliokuwa uwanjani walifikiri Hammarskjöld amebadilisha mawazo na kwenda kwingine. Wakaenda kulala. Mabaki yalifikiwa na wakubwa saa tisa ya mchana wa tarehe 18, masaa 15 kisha ajali, wakati palikuwa karibu hivyo. Kwenye ile ndege kulikuwa watu 16. Hammarskjöld alipatikana nje ya moto, karibu na kichuguu, mwili wake haukuungua. Mtu mmoja tu alikuwa mzima, mlinzi Harold Julien. Aliishi siku 5 zingine hospitalini, akasema mambo ya mlipuko na ya cheche angani. Wakaandika kwamba anaweweseka.

Karibu na pale kulikuwa wachoma makala. Wengine wao walisema waliona ndege ya pili, ndogo, ikiwa juu ya ile kubwa, na mwanga ukitoka. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuwachukua kama mashahidi wa maana. Mwaka wa 1962 ikatoa jibu lake: kosa la piloti, alishuka chini kupita kiasi. Tume ya ONU, mwaka uleule, haikukubali wala haikukataa, ikaacha mlango wazi.

Tuangalie hilo jibu la kosa la piloti, maana si jibu la kijinga. Usiku, kwenye uwanja usiozoeleka, watu wamechoka, ndege nyingi zimeanguka hivyo. Kuna waliofikiri hata kwamba mapiloti walichanganya karatasi za Ndola na za Ndolo, uwanja wa Léopoldville ambao uko chini zaidi kutoka usawa wa bahari. Lakini altimetri zilipimwa Marekani na hazikuonekana na kosa. Maongezi ya mnara wa Ndola hayakurekodiwa. Ndege yenyewe haikuwa na kisanduku cheusi. Upande mwingine, wanaosema ni Fouga wanapaswa kueleza namna gani ndege ya kufundishia ilipata ndege ingine gizani, pasipo radari, zaidi ya kilometa 400 toka Kolwezi. Wanajibu kwamba kulikuwa viwanja vingine vya karibu, na kwamba Albertina ilijionyesha yenyewe kwa taa na kwa redio ilipokaribia. Pia si lazima risasi. Kutishwa tu wakati ndege iko chini, piloti akageuza macho kwa sekunde chache, kunaweza kutosha.

Mmarekani mmoja, Charles Southall, aliyekuwa afisa kwenye kituo cha kusikiliza mawimbi kule Kupro, alieleza miaka mingi baadaye kwamba usiku ule alisikilizishwa sauti ya piloti aliyekuwa anafuatia ndege inayoshuka, anapiga, na anatangaza kwamba imeshika moto. Ile kanda haijawahi kuonyeshwa. Balozi wa Marekani Léopoldville naye, asubuhi ya ajali, alituma telegramu akisema huenda ndege imepigwa na piloti Mbelgiji.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala mwisho wa mwezi uleule, na akapewa zawadi ya Nobel ya amani akiwa amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 56. Katika siku zake za mwisho alikuwa anatafsiri kwa Kiswidi kitabu cha Martin Buber, na nyumbani kwake New York walikuta daftari lake la siri la mawazo na sala, likachapishwa mwaka wa 1963. Ndani ya lile daftari lote hakuandika habari za mikutano wala za wakubwa aliokutana nao.

Kongo haikupumzika. Jeti za Ethiopia na za Sweden zikafika Oktoba, na Disemba ndege za ONU zikapiga uwanja wa Kolwezi. Lakini tarehe 11 Novemba 1961, Waitalia 13 wa ndege za ONU walioleta vyakula kwa askari wa Malaya waliuawa pale Kindu, kwa sababu askari Wakongomani waliwadhania kuwa mamersenari wa Tshombe. Uvumi wa ndege ulikuwa unaua hata chini. Uasi wa Katanga ulimalizika Januari 1963, chini ya U Thant.

Swali la Ndola lilifunguliwa tena kisha kitabu cha Susan Williams cha mwaka wa 2011. Mwaka wa 2015 ONU ilikabidhi kazi kwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule. Tangu hapo, ripoti juu ya ripoti, Othman amesema inaelekea kuwa shambulio au tishio kutoka nje linaweza kuwa chanzo, na maneno ya wachoma makala yakapewa uzito wake mwishowe. Aliandikia nchi zilizokuwa na masikio kwenye mawimbi katika 1961, akiomba zifungue makabati yao. Nyingi zilijibu. Marekani, Uingereza na Afrika Kusini ndizo anazozitaja kuwa karibu kwa hakika zina habari ambazo hazijatolewa. Katika ripoti yake ya 2024 jambo hilo lilikuwa bado palepale.